Mzigo wa Karani wa Masijala

Ukimwona kwa nyuma, ulikuwa humwoni mtu. Ulikuwa unaona mzigo unaokwenda mjini peke yake huku ukipiga kengele. Ilikubidi umpite kwanza, ndipo uione kofia ya kijivu, miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, na mdomo unaokuelekeza: "Kulia kwako, Mwalimu, kulia kwako. Kushoto kuna shimo jipya."

Niliendesha baiskeli pamoja na mzigo huo kwa miaka tisa, asubuhi kutoka Kwihara kwenda Tabora mjini, jioni kurudi. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la tatu. Yeye alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya umma, yaani yule mtu anayepokea barua, anazigonga muhuri, anazitia kwenye mafaili na kuyapanga mafaili rafuni. Jina alikuwa nalo, lakini sikumbuki kulisikia likitumika. Hata mkewe, akimwita aje ale, aliita, "Karani! Ugali unapoa!"

Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya zamani, ya chuma kizito. Keria ya nyuma aliipeleka kwa fundi akaiongezea nondo mbili, ikawa pana kama kitanda cha mtoto. Chini kabisa alilaza sanduku la bati. Juu ya sanduku kulikuwa na furushi kubwa lililofungwa kwa turubai jeusi, na juu ya furushi galoni la maji, maana maji ya ofisini hakuyaamini. Kisha kigoda, mwavuli, hotpoti ya ugali na mlenda, suti iliyokunjwa ndani ya nailoni, na viatu vya ngozi vilivyofungwa kwenye gazeti. Vyote hivyo alivikaza kwa mipira iliyokatwa kutoka tiubu kuukuu. Yeye mwenyewe aliendesha akiwa na kandambili na suruali iliyokunjwa hadi magotini.

Siku ya kwanza tulipokutana, aliona mfuko wangu wa madaftari unainama upande. Akanisimamisha, akafungua mzigo wangu wote katikati ya barabara, akaanza kuufunga upya bila haraka.

"Kizito chini, chepesi juu, cha aibu katikati," alisema. "Nani alikufundisha kufunga mzigo?"

"Hakuna, Mzee. Nachelewa shule."

"Ndiyo maana."

Nilichelewa kweli, na mwalimu mkuu akanitia saini ya wino mwekundu. Jioni nilipomlalamikia, Karani hakuomba radhi. "Umechelewa, lakini madaftari yameingia yote," alisema. "Hapo shuleni kwenu ni wangapi wanaweza kusema hivyo?"

Barabarani alikuwa na sheria nyingi kuliko polisi wa usalama. Alinyoosha mkono kila alipokata kona, hata kona ambayo upande wake wa pili palikuwa na mbuzi tu. Tukifika kwenye reli alishuka, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatazama nyuma. Nilimuuliza treni gani inatoka nyuma.

"Treni siiogopi," alisema. "Treni ina ratiba. Naogopa bodaboda."

Vijana wa bodaboda nao walimpenda kwa namna yao. "Mzee, hilo tela lina leseni?" walimtania wakimpita. Alijibu bila kugeuza shingo: "Linayo. Yako iko wapi?" Na kijana aliongeza mafuta akapotea, kwa sababu hakuwa nayo.

Pale Kwihara kuna tembe la kumbukumbu, nyumba ya udongo ya enzi za misafara, na watalii huja kulitazama. Siku moja tulisimama kando ya njia ili Karani akaze mpira uliolegea. Mtalii mmoja mzee alishuka garini, akautazama mzigo, akashika moyo. Mwongozaji wake akatafsiri: mgeni anasema amesoma habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya misafara hadi pwani, na leo amemwona mmoja kwa macho yake, anaomba kumpiga picha.

Karani alisimama wima. "Mwambie aandike barua ya maombi," alisema, "aeleze picha ni ya matumizi gani. Nitamjibu ndani ya siku saba za kazi."

Mwongozaji alitafsiri. Mtalii alicheka akidhani ni utani, akainua kamera. Karani akageuza baiskeli, na picha iliyopigwa siku ile ni ya galoni la maji.

Ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu, asiyeona aibu mbele ya kamera ya mgeni, aliona aibu mbele ya wafanyakazi wenzake. Hakutaka ofisini wajue anakuja kwa baiskeli. Alifika mjini kabla ya watu, akazunguka mlango wa nyuma wa ofisi, akaingiza lile furushi la turubai masijala, kwa kuwa ufunguo alikuwa nao. Kisha alirudi na baiskeli hadi duka la vitambaa la bibi mmoja wa mjini, ambaye babu zake walitoka Omani wakauza kaniki kwa misafara, na yeye sasa anauza vitenge kwa maharusi. Bibi yule alimwachia stoo yake. Karani aliingia na kandambili, akatoka na suti, tai na viatu vinavyong'aa.

"Anaingia mpagazi, anatoka waziri," bibi aliniambia huku akipima kitambaa. "Na stoo yangu anaiacha imefagiliwa. Waziri gani anafagia?"

Kutoka dukani alitembea kwa miguu, taratibu, kama mtu aliyeteremshwa na gari hapo kona. Ofisi nzima ilijua habari za baiskeli. Hakuna aliyesema. Siku moja saa sita nilimkuta amesimama karibu na ukuta wa duka, nikamsalimia nikagusa usukani wa baiskeli yake. Aliitazama kama haijui. "Ya nani hii?" aliuliza kwa sauti ya kusikiwa na wapita njia. "Imeegeshwa vibaya."

Nilikuwa na shida yangu katika ofisi hiyo. Jirani mmoja mwenye ng'ombe wengi alikuwa ameng'oa minyaa ya mpaka wa shamba la mama yangu na kuipanda upya ndani ya shamba, hatua arobaini kutoka ilipokuwa. Mama alilalamika. Malalamiko yakawa faili, na ndani ya faili mlikuwa na mchoro wa zamani wa shamba, wenye alama za vidole vya wazee waliokwisha kufa wote. Bila mchoro ule, lilikuwa neno la mama dhidi ya neno la mwenye ng'ombe, na tunajua neno la nani lina uzito.

Nilikwenda kuulizia. Tulikuwa tumeachana robo saa tu iliyopita.

"Jina la mwombaji?" Karani aliuliza kutoka nyuma ya dirisha.

"Mzee, si mimi hapa? Tumekuja wote."

"Hiyo ni barabara. Hii ni ofisi. Jina la mwombaji?"

Nikataja jina la mama. Akaandika, akaingia ndani, akatoka mikono mitupu. "Faili lipo. Linafanyiwa kazi."

"Na nani?"

"Hilo haliandikwi."

Jioni, njiani, alimuulizia mama goti lake, akaniambia nimkande kwa maji ya chumvi. Kuhusu faili hakusema neno. Nilikaribia kumsukumia mtaroni.

Basi unaelewa kwa nini, inapofika habari ya lile furushi la turubai, mimi sikumtetea. Kijijini kila mtu alikuwa na nadharia yake. Wengine walisema ni karatasi za serikali anawauzia wauza maandazi wazitumie kufungia. Mwingine alisema ni sukari. Kwenye kundi la simu la kijiji mtu aliandika kwamba Karani analala na mshahara wa wilaya nzima chini ya kitanda. Mimi, mwalimu, mtu wa kupigiwa mfano, nilikuwa na utani wangu mwenyewe: nilisema anabeba rafu za ofisi kipande kipande, na akistaafu atafungua ofisi yake Kwihara. Utani huo ulipendwa, nikaurudia sana. Jambo moja tulilikubali sote: wakati wa kiangazi furushi lilikuwa dogo. Masika yakianza, lilivimba.

Masika ya mwaka mmoja tulikuwa tunarudi jioni, mvua imetukuta bondeni ambako njia inateleza kama bamia. Gurudumu lake la mbele lilizama, mzigo ukainama, na kwa mara ya kwanza nikaona mipira ikikatika. Galoni lilibingirika. Hotpoti ikaenda zake. Karani hakuangalia hivyo. Alijirusha juu ya furushi akalikumbatia matopeni, kofia imeanguka, miwani imekaa upande.

"Mzee, umeumia?"

"Tazama turubai. Limechanika?"

Lilikuwa limechanika. Ndani niliona majalada ya kahawia, yamefungwa kwa uzi, moja juu ya jingine.

"Mzee! Haya ni mafaili ya ofisi!"

"Punguza sauti, Mwalimu. Unataka ng'ombe wasikie?"

Tulijibanza kwenye banda la mkaa, nikamsaidia kufuta matope kwa khanga yangu, akanieleza. Paa la masijala lilikuwa linavuja, upande wa rafu ya kushoto. Kila mvua iliponyesha, asubuhi alikuta maji. Kwa hiyo kila jioni ya masika aliibeba rafu ya kushoto nyumbani, na kila alfajiri aliirudisha.

"Kwa nini wasitengeneze paa?"

"Nimeandika barua kumi na moja."

"Hawajibu?"

"Wamejibu zote. Ombi linafanyiwa kazi."

"Na hizo barua ziko wapi?"

Alipapasa turubai. "Zimo humu. Nazo zisiloe."

Nilimuuliza kama kutoa mafaili ofisini si kosa. Alifikiri akifuta miwani. "Sheria inasema faili lisitoke ofisini," alisema. "Na inasema faili lisiharibike. Mchana naitii ya kwanza. Jioni naitii ya pili."

Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, akaongeza: "La mama yako limo. Linalala chini ya kitanda changu, pakavu kuliko ninapolala mimi. Usimwambie mtu."

Niliapa. Niliapa kwa moyo wote, na kiapo changu nilikitunza siku nne.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, nilikuwa saluni nasukwa. Aliyekaa kiti cha pili alikuwa katibu muhtasi wa mkuu wa ofisi ile. Sikumwambia kwa ubaya. Nilianza kwa kumsifia Karani, na sifa ikanoga, ikawa hadithi, na hadithi ikataka vitendo. Nikasimama na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, nikaonyesha Karani anavyokumbatia furushi matopeni. Saluni nzima ilicheka hadi msusi akaangusha kitana. Katibu muhtasi alicheka kuliko wote, akafuta machozi, akasema, "Kumbe!"

Wiki iliyofuata Karani aliitwa mbele ya kamati. Kamati ya watu watano ilikaa tangu asubuhi hadi saa nane, ikanywa soda, ikala sambusa, ikajadili namna nyaraka za umma zinavyohatarishwa kwa kupakiwa kwenye baiskeli. Bibi wa vitambaa, ambaye habari zote za mjini hupita dukani kwake, aliniambia mmoja wao aliuliza kama paa kweli linavuja, akajibiwa kwamba paa si ajenda ya leo. Karani alipewa barua ya onyo na amri: hakuna faili kutoka.

Aliitii. Siku mbili hakuningojea njiani, alitangulia. Mimi sikujua, nikadhani ana homa. Siku ya tatu nilimkuta kwenye reli, nikamfuata nyuma kama kawaida. Juu ya keria palikuwa na sanduku, suti, viatu na chakula, basi. Nikauona mgongo wake. Ulikuwa mgongo mwembamba wa mzee, shati limeloa jasho katikati ya mabega, na mimi miaka yote sikuwahi kuuona. Nilitaka kumwambia ni mimi niliyesema. Badala yake nikasema, "Leo njia nzuri, Mzee." Akasema, "Nzuri."

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo mwishoni mwa mwezi. Jumatatu dari la masijala lilishindwa, likaanguka juu ya rafu ya kushoto. Maji yaliingia kama yaliyoalikwa. Na kamati ikakaa tena, watu walewale, soda zilezile, kumuuliza Karani kwa maandishi ni kwa nini hakuchukua hatua za tahadhari kuyaokoa mafaili ilhali alijua paa linavuja.

Barua hiyo ya pili aliisoma amesimama uani nyuma ya ofisi, katikati ya karatasi. Alikuwa amezianika zote juani, moja moja, kila moja imewekewa kokoto ili upepo usiichukue. Uani palionekana kama watu wamemwaga mchele. Nilipotoka shule nilikwenda hapo bila kuitwa, na bibi wa vitambaa akaleta pasi yake ya mkaa. Karani alivua koti la suti, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona mjini, akanielekeza: unaweka kitambaa juu ya karatasi, unapiga pasi taratibu, husugui. Kwa siku sita tulipiga pasi malalamiko ya watu. Mirathi, mipaka, maombi ya visima, barua za mapenzi zilizoingia kwenye mafaili kwa makosa. Mkuu wa ofisi alipita mara moja, akatuangalia, akasema kazi nzuri, akauliza kama shati lake nalo linaweza kupigwa.

Siku ya nne tulifika kwenye faili la mama. Ukurasa wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili uji. Barua ya mama, aliyoniandikisha mimi kwa mkono wangu, ilikuwa wino wa buluu uliotapakaa. Nilikaa chini. Pasi ilikuwa bado mkononi, Karani akaninyang'anya.

"Ngoja," alisema.

Alibandua kurasa zilizogandana kwa ncha ya kisu cha kukatia nyuzi, pumzi ameizuia, kwa muda ambao niliweza kusali sala zote nilizofundishwa utotoni. Katikati kabisa, ukiwa umefungwa kwa nailoni kutoka kwenye mfuko wa mkate, ulitoka mchoro. Mkavu. Vidole vya wazee vimo, vyeusi, unaweza kuhesabu mistari yake.

"Nani aliufunga nailoni?" niliuliza.

"Nilipoambiwa nisibebe," alisema, "sikuambiwa nisifunge."

Alifanya hivyo kwa mafaili mengine pia, mengi kadiri alivyopata mifuko ya mkate. Hapo ndipo nilipopaswa kukiri, na hapo ndipo nilipochukua pasi nikaendelea.

Baraza la ardhi liliukubali mchoro. Mwenye ng'ombe alirudisha minyaa yake, akanuna mwaka mzima, kisha akaja kuazima jembe. Mama aliishi miaka mitatu zaidi akilima shamba lake lote, na kila asubuhi akisikia kengele inapita alitoka mlangoni na kuita, "Mwangaluka, Karani!" Karani aliitika kwa Kinyamwezi na kuinua kofia.

Alipostaafu, ofisi ilimfanyia sherehe. Mkuu alisoma hotuba kuhusu kujitolea kwake kuilinda kumbukumbu ya umma katika mazingira magumu. Mazingira magumu yenyewe yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo pembeni, maana paa lilikuwa bado linafanyiwa kazi. Zawadi ilikuwa kochi la mtu mmoja, kubwa, jekundu. Walipomaliza kupiga picha wakapanda magari yao. Hakuna aliyeuliza kochi litafikaje Kwihara. Karani alilizunguka mara mbili, akalipima kwa macho, akavua koti, akaomba mipira mingine kwa fundi baiskeli wa jirani. Alilisukuma kochi lile mchana kweupe katikati ya mji, akiwa na tai, baiskeli bila kificho, na watu wa sokoni wakampisha kama anayepita na jeneza la mtu mkubwa.

Baada ya hapo nilihamishiwa shule nyingine, tukapotezana. Mwaka jana, wakati wa likizo, nilikwenda kumwona. Alikuwa uani kwake anapalilia mihogo, ameegemea jembe. Goti lilikuwa limemkatalia baiskeli. Nilimpa shikamoo, nikampa kikapu cha karanga.

"Za nini hizi?"

"Za shamba la mama, Mzee."

"Shauri lilikwisha?"

"Lilikwisha zamani. Hata mama hayupo."

"Basi naweza kupokea," alisema, akapokea kwa mikono miwili. Tukakaa kwenye mkeka. Alibangua karanga moja, akanipa nusu.

"Mzee," nilisema, "kuna jambo limenikaa miaka yote. Ile habari ya mafaili, ile ya kamati. Aliyesema ni mimi. Nilisema saluni."

Hakuacha kubangua. "Jumamosi," alisema.

"Nini?"

"Ulisema Jumamosi. Dokezo liliandikwa Jumatatu, likanifikia Jumanne saa nne asubuhi."

"Likakufikia wewe?"

"Lingemfikia nani? Mtumishi akishtakiwa, sharti lifunguliwe faili. Faili hufunguliwa masijala. Masijala nilikuwa mimi." Alipuliza maganda. "Nilikukasirikia. Siku mbili."

Nilihesabu kimoyomoyo asubuhi zote zilizofuata, mashimo yote aliyonionyesha, kikombe cha uji alichonipa uani siku ya kupiga pasi. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Liligongwa muhuri wa siri," alisema. "Ningekuambiaje?"

Kisha akasita, kama mtu aliyekumbuka jambo ambalo bado linamkera.

"Ila jina lako walikuwa wamelikosea. Lina r, wao wakaandika l. Nikalisahihisha, nikatia saini pembeni. Isije ikasemwa kwamba ni mwalimu mwingine."